Viganja Mgongoni mwa Siata

Utosi wa mtoto mchanga, ukiupitishia kiganja, unatakiwa ubonyee kidogo. Chini yake usikie moyo unadunda taratibu, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Ndivyo ninavyowapima wajukuu zangu kila asubuhi kabla ya kuwaogesha, na ndivyo mama yangu alivyokuwa akiwapima wa kwake.

Jumanne ile, nilipompitishia Siata kiganja, utosi haukubonyea. Ulikuwa umeinuka.

Nikadhani nimekosea. Nikaukausha mkono kwenye kitenge, nikapitisha tena. Umeinuka, umekaza, kama chupa ya plastiki iliyoachwa juani na kifuniko chake. Nilikuwa nimekaa uani kwenye kigoda, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yangu, mtoto mapajani. Alikuwa analia, lakini si kile kilio cha njaa ninachokijua. Hiki kilikuwa chembamba, cha juu, hakina pumzi. Na tangu alfajiri maziwa yote aliyonyonya alikuwa ameyarudisha.

"Jene!" nikaita. "Jeneroza! Njoo huku, acha hiyo chai!"

Binti yangu, mama yake Siata, akatoka na kikombe mkononi, koti jeupe la kiwandani amevaa mkono mmoja, mwingine unaning'inia.

"Kuna nini tena, Mama?"

"Shika hapa."

Akaweka vidole. Kikombe kikamponyoka, kikapasuka sakafuni, na hakuna aliyekiangalia.

"Umempaka?" akaniuliza.

"Nimempaka nini?"

"Mama, niambie tu, sitakugombeza. Umempaka mafuta?"

"Mimi? Si wewe mwenyewe uliyekataza? Si umeandika mpaka kwenye kifuniko, mtoto chini ya mwaka asipakwe? Namuogesha kwa maji matupu na mikono yangu miwili, basi. Hata ile nazi tuliyokuwa tunawakandia nyie nimeiacha kwa ajili yako."

Akanitazama machoni. Aliponiona sisemi uongo ndipo uso wake ulipobadilika. Ni heri ningekuwa nimempaka, maana hapo angalau tungejua.

Kwetu siku hizi kupaka ndiyo kula. Tangu joto lilipozidi, mahindi na mihogo vinaota haraka na kujaza tumbo, lakini ndani havina cha kuyalisha macho. Watu walianza kupotea mlangoni kwao. Jua likishazama tu, mtu mzima anagonga ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Vidonge vya vitamini havikufaa, vilikuwa vinaharibika kwa joto kabla ya kufika dukani. Ndipo kiwanda chao akina Jeneroza hapa Kigoma kikatengeneza mafuta, mawese yetu haya haya mekundu yakichanganywa na mise, yaani mafuta ya kokwa la chikichi, na ndani yake vitamini. Kila Jumatatu unajipaka kijiko kimoja cha chai, mikononi na usoni, wiki imeisha. Watu wakikutana hawaulizani umekula, wanaulizana umepaka.

Mwanzoni hata hayo yalikuwa yanachacha. Ukiyaweka dirishani wiki moja yanageuka rangi, yananuka kama sufuria ya jana. Jeneroza wangu ndiye aliyeyatuliza. Aliifunga kila chembe ya vitamini kwenye kibuyu kidogo, kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona hata kwa miwani, kwa nta ya nyuki wa porini, na wekundu wa mawese ukabaki nje kama mlinzi, upigwe na jua wenyewe kwanza. Mafuta hayo mapya yalitoka mwanzo wa masika. Hayachachi, na ukioga hayatoki. Siku ile redio ilipolisoma jina lake nilipika kuku wawili.

"Twende ndani," akasema Jeneroza. "Mlete. Funga dirisha."

*

Alikuwa na taa ya kukagulia kwenye mkoba wake. Kiwandani wanaitumia kumulika chupa, waone kama vibuyu vimejaa sawa. Mwanga wake ni wa buluu, hafifu, lakini ukikutana na yale mafuta yanajibu kwa rangi ya kaa la moto.

Nikatundika blanketi dirishani. Chumba kikawa giza. Nikamlaza Siata kitandani, uchi, bado analia. Jeneroza akawasha taa.

Mjukuu wangu alikuwa anawaka.

Sijui niseme vipi. Kichwa kizima, mashavu, kifua, vidole vya miguu, rangi ya makaa. Mashavuni kulikuwa na alama za midomo, moja juu ya nyingine, za watu waliombusu. Nikapiga ishara ya msalaba bila kujua kama napiga. Jeneroza akaisogeza taa karibu zaidi.

"Mgeuze," akasema.

Nikamgeuza. Mgongoni mwake kulikuwa na viganja.

Vikubwa, vidogo, vimepandana kama majani yaliyoanguka kwenye tope. Unaona kabisa kila kidole. Jumapili ndiyo tulikuwa tumemtoa mtoto nje, na wageni walijaa uani mpaka barabarani. Kama ilivyo kwetu, mtoto alipokezwa kutoka paja hadi paja, kila mtu ampakate, kila mtu amtaje jina. Anayekataa kumpakata mtoto wa watu ana neno moyoni. Kiganja kile kipana kilikuwa cha mjomba wake. Hiki chembamba cha mwalimu wa kwaya. Na kimoja, chini ya bega la kushoto, kilikuwa kinawaka kuliko vyote, na kidole chake cha mwisho kimepinda kwenda nje.

Kidole hicho nilikivunja kwenye kinu nikiwa msichana.

"Ni mimi," nikasema. "Jene, ni mimi huyu."

"Lete mkono, Mama."

Akaumulika. Nilikuwa nimejipaka jana tu, kama kila mtu, na mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kifundo ulikuwa unawaka vizuri. Lakini kiganja kilikuwa cheusi, kama vile hakijawahi kuguswa na mafuta tangu dunia iumbwe. Kisha, tukiwa tunatazama, ule mwanga ukaanza kuteremka. Polepole, kama chai inavyopanda kwenye mkate, ulitoka kifundoni, ukaingia kiganjani, ukafika vidoleni. Mpaka tunamaliza kutazama, kiganja kilikuwa kimejaa tena.

Nikaurudisha mkono wangu haraka, nikauficha chini ya kwapa. Nilikuwa nauogopa.

"Mwanangu," nikasema, "haya mafuta yanatembea?"

Jeneroza akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

"Niliyafanya yatembee," akasema. "Watu walikuwa wanajipaka vibaya, Mama. Mwingine anapaka uso tu, miguu inapasuka. Nikasema, basi, vibuyu visikae pale vilipopakwa. Vitoke penye kushiba viende penye njaa. Ukipaka mkono, mguu nao upate."

"Hilo si jema?"

"Ni jema. Ila niliviambia penye njaa. Sikuviambia mwili wa nani." Akajifunika uso. "Havijui mtu mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Ngozi ikigusana na ngozi, kwao ni mwili mmoja. Na mtoto mchanga ni njaa tupu. Kila aliyempakata amemmiminia."

*

Hatukuweza kumbeba, hata kwa kitenge, maana mafuta yanapenya nguo. Hebu fikirini, nyumba ina mama na bibi, na hakuna wa kumbeba mtoto. Tulimtoa kitandani kwa kumviringishia mfuko safi wa plastiki, tukamlaza kwenye beseni lake la kuogea, tukalishika huku na huku, tukateremka nalo hadi zahanati. Njiani watu wakashangaa.

"Mama Jeneroza, leo mnauza watoto kama dagaa?" mmoja akatupigia kelele, anacheka, akaja mbio kumchungulia, mkono tayari ameunyoosha.

"Rudi nyuma!" nikamfokea. Nami sijawahi kumfokea mtu barabarani maisha yangu yote. Akabaki na mkono hewani.

Nesi alimpima Siata humo humo kwenye plastiki, akamsikiliza Jeneroza, akamtazama kwa jicho la mtu asiyetaka kuamini.

"Huyu ni wa tatu tangu Ijumaa," akasema. "Tulikuwa tunasema ni homa ya kichwa. Vitamini A ikizidi kwa mtoto, maji yanajaa ndani ya fuvu. Ikikoma kuingia, mwili utaitoa wenyewe pole pole, atapona. Lakini ikome leo. Asiguswe na aliyepaka."

"Nijisafishe mimi mama yake, nimshike?" Jeneroza akauliza. "Kuna sabuni ya kufungulia, tunaitumia mafuta yakimwagika."

"Wewe hapana. Ukijitoa mafuta, maziwa yako yatakuwa matupu, halafu baadaye yatakosa hata kile kidogo anachohitaji. Kamua, mnyweshe kwa kikombe. Tafuteni mtu asiyepaka."

Tukatazamana. Mji mzima huu, wapi utampata asiyepaka?

*

Tulipofika nyumbani tukaliweka beseni juu ya meza, katikati ya sebule, tukakaa huku na huku. Mtoto analia. Anakunja vidole, anafumba, anatafuta kifua cha mtu. Nyie mnajua mtoto akilia mikono inajiendea yenyewe. Mimi nilikuwa nimeikalia ya kwangu.

Jeneroza akasimama.

"Naenda kiwandani. Kuna kifungio. Nilikitengeneza mapema, kabla ya kuamua vibuyu vitembee. Nikikimwaga kwenye mapipa yetu na kwenye tangi la maji ya mji, kila kibuyu kitaganda pale kilipo. Hakitavuka kwenda kwa mtu mwingine tena. Siku chache tu, na Siata atashikwa na kila mtu."

"Nenda," nikasema. "Nenda upesi, mwanangu. Unangoja nini?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na Mama Oliva akaingia na kapu la maharage kichwani.

Mama Oliva anatoka milimani, juu kabisa, huko lami inakokatikia. Anakuja sokoni kuuza, na hapiti bila kuingia kwangu. Jumapili hakuweza kuja kwa sababu ya mvua. Akalitua kapu, akainama.

"Mwakeye, Mama Jeneroza!"

Sisi Waha hatusalimiani kwa neno moja. Unainama, unamshika mwenzako viwiko, unateremsha mikono polepole hadi viganja, mnapiga makofi mepesi, mnaulizana habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe hata kama hakuna ng'ombe, kisha mnashikana tena. Mama Oliva alikuwa ameshanifikia viwiko kabla sijafungua mdomo.

"Usimguse Mama!" Jeneroza akapiga kelele.

Mama Oliva akaruka nyuma. "He! Kuna kipindupindu?"

"Hapana, mama. Samahani. Nisamehe. Ni mafuta."

"Mafuta gani? Mimi sina mafuta. Sisi kule juu tunayasikia redioni tu, nani atayapandisha?" Akacheka, akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo, akitutazama kwa zamu. "Lakini Mungu naye ana zake. Mmesikia? Mwaka huu kule kwetu jioni tunaona! Mimi mwenyewe, mimi niliyekuwa nashikwa mkono kwenda chooni, juzi jua limezama nimeokota sindano chini. Sindano! Hatupaki, hatumezi kitu. Wanaotelemka sokoni ndio walioanza, sasa ni karibu mlima wote. Padri anasema ni rozari."

Nikamwona Jeneroza anaichukua taa tena. Akavuta pazia. Akamulika.

Mama Oliva aliwaka. Mwili mzima hafifu, kama jivu lenye moto ndani, lakini mikononi, kuanzia viwiko hadi viganjani, palikuwa pamekolea kabisa. Pale pale tunaposhikana tukisalimiana.

"Mnanifanya nini?" akasema. "Kitu gani hiki kwenye mikono yangu?"

Ikabidi Jeneroza amwambie yote. Alimwambia polepole, bila kujitetea, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Kwa hiyo haya macho yangu ya jioni ni yenu," Mama Oliva akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hamkuniuliza."

"Hatukujua kama yanafika kwako."

"Hamkujua." Akajisugua mikono kwenye sketi, akaacha, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Na huyo mtoto mmemweka kwenye beseni ana nini?"

"Utosi umeinuka," nikamwambia.

Akakikunja kiganja chake, akakiinua hewani kama mtu anayepima kitu. "Umeinuka hivi?"

"Hivyo."

"Na kilio chembamba?"

"Chembamba."

"Mjukuu wa Edita," akasema. "Tulimzika masika haya haya. Alikuwa analia usiku na mchana, mama yake hana nguvu, basi tukawa tunampokea, jamani. Huyu akichoka anampa huyu. Wote sisi tunaoshuka sokoni. Hatukumwacha chini hata kidogo. Tulimpakata mpaka alipokata roho."

Jeneroza akauokota mkoba wake.

"Nakwenda kufunga," akasema. "Sasa hivi."

"Ngoja, mwanangu." Mama Oliva alikuwa analia bila kujipangusa. "Ukifunga, si yatakoma kupanda mlimani?"

"Yatakoma."

"Dada yake Edita alitumbukia korongoni jioni, anatafuta mbuzi. Hakuona ukingo. Na si yeye peke yake. Ukifunga, tunarudi korongoni. Usipofunga, tunaua watoto kwa kuwapakata. Wewe ndiye uliyesoma, niambie mimi nikachague kipi."

Nilimtazama binti yangu. Niliyempeleka shule kwa kuuza mawese kwa kikombe, akaenda mpaka mwisho wa masomo, akarudi na koti jeupe. Akauweka mkoba chini. Mimi niliyekuwa nimemwambia nenda upesi, niliona haya. Nilikuwa nimemwona mtoto mmoja tu katika dunia nzima, kwa kuwa ni wangu.

Kwenye beseni Siata alikuwa ameanza kuchoka kulia. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

"Hiyo sabuni ya kufungulia," nikasema, "iko wapi?"

Jeneroza akaelewa kabla sijamaliza. "Hapana, Mama."

"Iko wapi?"

"Inaunguza. Na haiishii hapo. Ukijitoa mafuta utakuwa njaa tupu kama yeye. Ukimgusa mtu yeyote aliyepaka, atakujaza, na ukijaa huwezi tena kumshika Siata. Ina maana humgusi mtu. Humsalimii mtu, Mama. Wewe! Halafu miezi ikipita, jioni zako zitakwenda."

"Jioni nimeziona nyingi."

"Na mimi? Mimi mwanao sitakugusa?"

Hapo ndipo aliponipata. Nikamwambia njoo, akaja, nikamshika kwa mikono yote miwili, viwiko, nikateremka polepole hadi viganja, nikamkumbatia kichwa chake kifuani kama alipokuwa darasa la kwanza. Nilikaa naye hivyo mpaka nikatosheka, kama mtu anaweza kutosheka. Kisha nikasema, "Haya. Kalete sabuni."

*

Iliunguza kweli. Ni sabuni ya majivu na mise, nyeusi, na ndani ina dawa inayopasua nta. Nilijisugua kichwa hadi kisigino kwenye bafu la uani, ngozi ikawa kama nimepita kwenye upupu. Jeneroza alinimulika kupitia pazia. Akaniambia nigeuke. Nigeuke tena. Hakuona kitu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mama yake, na kwa ile taa sikuwepo.

Nikaingia sebuleni, nikaitoa mikono yangu, nikamtoa Siata kwenye beseni.

Alinyamaza papo hapo. Akabana uso wake shingoni kwangu, akavuta pumzi ndefu yenye kwikwi, akalala. Mama Oliva, mlangoni, akainama bila kusogea. Akapiga makofi mepesi, peke yake, hewani, akaniuliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe. Nikamjibu nikiwa mbali.

Jeneroza hakwenda kumwaga kifungio. Alikwenda redioni. Alisema yote, na jina lake, na mjukuu wa Edita, na yule dada wa korongoni, na kwamba kila mtu aliyesalimiana nasi amebeba kitu ambacho hakuombwa kukibeba. Alisema mtoto mchanga asipakatwe na aliyepaka mpaka yeye atakapotengeneza mafuta yanayomtambua mtoto. Alisema kifungio kipo, na si haki yeye peke yake aamue kukimwaga au kukiacha, kwa sababu mara ya kwanza aliamua peke yake. Kiwandani walimnyang'anya koti. Milimani wengine walisema afungwe, wengine walituma maharage. Wanabishana mpaka leo, na mapipa ya kifungio bado yamekaa pale yalipo.

Utosi wa Siata ulishuka. Sasa unabonyea.

Mimi nimeanza kuwaambia wawashe taa wakati wao wanasema bado ni mchana. Jana nilikuwa nimekaa barazani na mtoto, jua bado halijagusa ziwa, na mbele yangu palikuwa na ukungu wa kahawia tu. Nikasikia hatua zinapanda, nzito, za watu wawili wanaobeba kitu katikati yao. Kikagota kwenye ngazi. Ni sauti ya beseni, siwezi kuikosea. Na ndani yake kilio chembamba, cha juu, kisicho na pumzi.

"Bibi," msichana akasema kutoka mbali, hakuthubutu kusogea, "tumetoka mlimani. Tumeambiwa hapa kuna mikono."

Nikamlaza Siata kwenye mkeka wake. Nikainyoosha mikono mbele yangu, kuelekea kwenye ile sauti.

"Mleteni," nikasema. "Mwinueni kwa plastiki, msimguse. Mleteni taratibu mpaka vidole vyangu vimpate."